Karatasi ya Bibi yenye Muhuri Mwekundu

Guangzhou, 3 Machi 2024

Mwanangu mpenzi Kissa,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako aliyekubeba. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua. Mwezi huu unyevu wa huku ni wa kutisha, mpaka kuta zinatoa jasho na nguo zinaanikwa siku nne hazikauki. Mdogo wako Eliakimu amenipigia kutoka Tukuyu, anasema upande wa pili wa nyumba umeshaezekwa. Shangazi yako Herieth bado na presha yake. Anasema umemtupa.

Barua yako ya Januari niliipata. Usinicheke kwamba mpaka leo napenda barua. Simu zenu za picha zinagoma huku, na hata zikikubali, ukikata imeisha. Barua unaweza kuwasomea watu. Utaratibu wetu unaujua: kila Jumapili baada ya chakula pale kwa Bimkubwa, ule mgahawa wa Wazanzibari wa Huanshi Zhonglu, aliyepata barua ya mtoto wake, inasomwa mezani. Msomaji ni Haroun wa kago, ana sauti ya mtangazaji, na macho yangu siku hizi maandishi yanayaona kama sisimizi. Tahir naye alikuwa na ya mwanawe wa Malaysia. Nusu ukurasa, na yote kuomba. Yako kurasa tatu. Nikawaambia, mnamwona mtoto aliyesomeshwa kwa cherehani? Nesi Ulaya huyo.

Picha ya mkwe wangu imezunguka meza nzima. Medard, yule wa simu, mdomo wake unaujua, akauliza, "Mama Kissa, mbona mzungu wako kaiva hivi?" Nikamjibu ni jua, mhandisi wa barabara hashindi ofisini. Ila na wewe, mbona kila picha Adrian kavaa kofia mpaka kwenye nyusi? Mwambie mama mkwe anataka kuona uso.

Sasa jambo langu. Getrude mdogo anaingia darasa la kwanza Septemba. Mtoto amebeba jina langu, na mimi mwenyewe niliishia la saba, kwa hiyo anasoma kwa niaba ya wawili. Ile anwani ya shule uliyoiandika nyuma ya picha nimeitunza. Nakwenda soko la Zhongda kuchagua kitambaa, nitawashonea jezi za michezo darasa zima, za bluu. Nataka walimu wajue huyu mtoto ana bibi.

Mama yako,
Getrude


Slovakia, 14 Aprili 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole sana na goti, usipande ngazi za pale Zhongda na mizigo. Sisi wazima. Mimi bado niko wodi ya wazee, wamenihamishia zamu ya mchana. Truda, ndivyo Getrude wako anavyoitwa huku, ameng'oka meno mawili ya mbele na anakataa kucheka mbele ya watu. Adrian anakusalimu. Mwambie shangazi sijamtupa, nitampigia.

Mama, ukurasa huu mpe Haroun awasomee wenzako. Unaofuata nimeukunja peke yake. Usiutoe mezani. Usome mwenyewe chumbani, hata ukikuchukua siku mbili.

(Ukurasa wa pili)

Miaka saba nimekuacha uamini vitu ambavyo sikuvisema mimi, ila sikuvikanusha. Adrian si mhandisi. Anapanga mawe ya kando ya barabara, na kazi hiyo anaijua kuliko wahandisi wake. Na ule uso haukuivishwa na jua. Watu wake wanaitwa Waroma. Wako nchi hii tangu mababu wa mababu, wanazungumza lugha yao, na majirani wana jina jingine la kuwaita ambalo sitaliandika. Baba yake na mama yake wanakaa nje ya mji, ng'ambo ya mto, mahali ambapo bomba la maji halikufikishwa. Nilipotafuta nyumba ya kupanga kwa simu, zilikuwepo. Nilipofika mwenyewe zilikuwepo bado, waliniona mwanafunzi mgeni. Nilipofika na Adrian, zilikuwa zimechukuliwa asubuhi hiyo hiyo.

Nimeona aibu kukuambia, na aibu yenyewe si kwa ajili yake. Nilijua utamsema mezani kama unavyonisema mimi, na nilitaka akusikie ukimsifu.

Sasa sikiliza lililonifanya niandike. Mwezi uliopita walimpima Truda kabla ya kuandikishwa shule. Dakika ishirini. Nyumbani anaongea Kiswahili na mimi, Kiroma na bibi yake, Kislovakia na watoto wa ngazini. Walimwonyesha picha ya maji, akasema maji. Mwalimu akatikisa kichwa. Akasema paňi, Kiroma cha bibi yake. Akatikisa tena. Mwishoni akasema voda, ambalo ndilo walilolitaka. Wakaandika kwamba mtoto hana jina la uhakika la kitu kimoja. Wamempangia darasa la watoto wenye ulemavu wa akili. Lina jengo lake, linaingiwa kwa mlango wa nyuma, na chakula wanakula saa yao peke yao. Watoto kumi na wanane wamo, na kumi na saba wanatoka ng'ambo ya mto.

Adrian alipita darasa hilo hilo. Anasoma kwa kidole, mama, na akili yake ni kali kuliko yangu. Anasema binti yake hataingia mlango ule. Tunakwenda kulalamika. Nilitaka ujue kutoka kwangu.

Mwanao,
Kissa


Guangzhou, 2 Juni 2024

Mwanangu Kissa,

Salamu. Mimi mzima kiasi. Eliakimu mzima. Mvua huku ni ya kila siku.

Nimechelewa kujibu na nitakueleza kwa nini. Barua yako ilifika, na sikuifungua. Niliibeba mpaka kwa Bimkubwa kama ilivyo, kwa kuwa nimezoea kuzifungua mbele yao. Haroun akasoma. Alipofika pale unaposema ukurasa wa pili usisomwe mezani, meza nzima ikacheka. Tahir akasema, "Hapo hapo ndipo penye utamu." Haroun, ana adabu yule, akaniuliza, "Mama Kissa, niache?" Na mimi nikasema endelea, mwanangu hana siri. Nilidhani ni mimba, Kissa. Nilishaanza kujiweka sawa kwenye kiti.

Akasoma mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka tena isipokuwa Medard, naye hakucheka hasa. Alisema tu, "Kumbe halikuwa jua." Bimkubwa akaja kuondoa sahani ambazo hazijaisha.

Sikurudi pale wiki tatu. Kuna mama mmoja mzungu ananunua mikoba ghorofa ya chini, nchi yake ni jirani na hiyo yenu. Nikamuuliza, hawa Waroma ni watu gani? Alivuta pochi yake akaipakata. Nimeishi huku miaka kumi na mitano, mwanangu. Mtu akipakata pochi naelewa hata kama sijui lugha yake.

Sasa nisikilize mimi niliyekuzaa. Mimi ni mtu wa nguo. Shati likiwa na lebo ya karakana ya hapa, Kariakoo linatandikwa chini. Naitoa ile lebo kwa wembe, nashona nyingine, shati lile lile linatundikwa kwenye kioo. Hakuna aliyedhulumiwa, uzi ni ule ule. Mtoto wako ni mweusi, ana jina langu. Nani kawalazimisha kutaja watu wa ng'ambo ya mto? Semeni ni Mtanzania, basi. Mgeni anapokelewa. Getrude wa kwangu hawezi kukaa na mataahira. Huyo baba yake ana haki ya kukasirika, lakini hasira yake isimpeleke mtoto kule kule alikopita yeye.

Niachie mimi.

Mama yako


Slovakia, 30 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Tumepokea barua yako jana. Truda anauliza kama jezi ni bluu ya mbingu au bluu ya kalamu.

"Niachie mimi" maana yake nini? Tafadhali usifanye chochote. Tumepata wakili, mama mmoja wa chama cha haki za Waroma, anatutetea bure. Ameniambia neno moja tu la kushika: tunadai kwamba Truda aliwekwa pale kwa sababu ya watu wa baba yake. Hilo ndilo dai lote, hatuna jingine. Kamati ya malalamiko inakaa tarehe 20 Agosti. Mashahidi tunao, na yule mtoto wa kumi na nane, ambaye si Mroma, wazazi wake wamekubali kusema kwamba yeye alipimwa siku tatu.

Hatuwezi kudai kwa jina ambalo wakati huo huo tunalificha. Nakuomba ulielewe hilo.

Umesema mgeni anapokelewa. Dainess, yule uliyekuwa ukiishi naye huko, alinipigia kutoka Mbeya, akanidokeza kwamba mwaka wa korona mlitolewa kwenye nyumba mkazunguka na masanduku. Mwaka ule uliniandikia uko hotelini, na chai ya bure asubuhi. Ulilala wapi, mama?

Kissa


Guangzhou, 19 Julai 2024

Mwanangu,

Salamu. Goti afadhali. Jezi ni bluu ya kalamu.

Barua yako imefika jana, na furushi langu lilishaondoka uwanja wa Baiyun kwa ndege tarehe 5. Nimelituma shuleni moja kwa moja, kwa mwalimu mkuu. Jezi thelathini, kola imara, mishono miwili, malaobani wenyewe, wenye maduka pale Zhongda, waliipapasa wakasema Mama Kissa, hii kazi. Nimeweka na karatasi ndogo ya kumtambulisha mtoto. Haroun kaiandika kwa Kiingereza kizuri, na muhuri nimechongesha hapa Xiaobei, mwekundu, wa duara, unaonekana wa ofisi. Mwenye hekima akiona muhuri anaheshimu.

Usiwe na wasiwasi. Mwezi wa nane mtafika pale mtakuta mambo yamelainika.

Kuhusu Dainess, yule maneno yake mengi siku zote. Msalimie mtoto.

Mama yako


Slovakia, 9 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Sote wazima wa mwili.

Nakuandikia yaliyotokea kwa mpangilio, maana nimeona ukipewa nafasi ya kujaza unajaza.

Tulikaa mbele ya kamati, wao watu watano, sisi na wakili. Wakili alisema vizuri. Mama wa yule mtoto wa kumi na nane alisema vizuri. Mwenyekiti alianza kuandika kwa haraka, na nikamwona Adrian ananyoosha mgongo. Ndipo mwalimu mkuu akafungua jalada lake akatoa karatasi yenye muhuri mwekundu. Akasema ameipokea kutoka kwa familia yenyewe. Mkalimani akaisoma. Kwamba wewe, Getrude, bibi mzaa mama, unathibitisha baba mzazi wa mtoto ni Mtanzania, mhandisi, aitwaye Jovitus. Kwamba Adrian ni baba wa kambo. Kwamba mtoto hana damu ya Waroma hata tone.

Huyo Jovitus ni nani, mama? Mimi simjui.

Adrian alimwomba mkalimani arudie. Akarudia. Tulikuwa na cheti cha kuzaliwa chenye jina la Adrian, wakili akakinyanyua juu. Mwenyekiti akasema cheti kinaandikwa kwa maneno ya wazazi, na hapa bibi anasema vingine, na kamati haina namna ya kujua. Wakaamua kwamba madai ya ubaguzi hayana msingi, kwa kuwa haikuthibitika mtoto ni Mroma. Majibu ya kile kipimo yanabaki. Atapimwa tena baada ya mwaka.

Tulirudi kwa miguu. Adrian hakunigombeza. Njiani alisema kitu kimoja: "Waliokuwa wananitukana shuleni, hata wao walijua baba yangu ni nani." Alipofika nyumbani alikunja cheti akakirudisha kwenye bahasha ya nailoni, na tangu siku hiyo Truda akimwita baba, anachelewa kidogo kuitika.

Mtoto ameanza wiki iliyopita, kwa mlango wa nyuma. Jezi zimegawiwa darasa la kawaida, ndilo ulilolitaja kwenye furushi. Siku za michezo Truda anawaona kupitia uzio. Ameniambia wamevaa nguo za bibi. Ameniuliza na yeye atapewa lini.

Kwa sasa usiniandikie.

Kissa


Guangzhou, 27 Oktoba 2024

Mwanangu Kissa,

Umesema nisiandike. Naandika hii, halafu nitanyamaza.

Nimenunua miwani. Barua yako nimeisoma mwenyewe, siku tatu, sikumpa Haroun. Huyo Jovitus nilimtunga palepale kwenye stuli ya mchonga mihuri, Haroun aliponiuliza jina la baba.

Umeniuliza nililala wapi mwaka wa korona, nikakwepa. Mwenye nyumba alitupa muda wa saa mbili tu tuwe tumetoka. Tulikuwa watatu, mimi, Dainess na Anyango yule Mkenya wa viatu. Tulikwenda hoteli baada ya hoteli, kila mlango meiyou, meiyou, hakuna nafasi, na funguo tunaziona zimening'inia nyuma yao. Tulipofika nyumba moja ndogo ya wageni, mama mwenyewe alinitambua, nilikuwa nanunua kitambaa kwa dada yake. Akasema atanichukua mimi, peke yangu. Akawanyooshea kidole wale wawili, akaniuliza, wale ni watu wako? Nikasema siwajui.

Dainess anaelewa Kichina, Kissa. Alisikia.

Nililala ndani siku tano. Asubuhi nikifungua pazia nilikuwa nawaona ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza cha duka lililofungwa, Anyango kajifunika boksi la friji. Chai ya bure ilikuwepo kweli. Niliinywa. Nikakuandikia wewe kwamba niko hotelini. Tangu hapo nikajiambia kwamba ndivyo mtu anavyookoka, anasema siwajui. Sikuituma ile karatasi shuleni kwa kutojua. Niliifanya kwa sababu iliwahi kunifaa.

Hapa ndani kuna karatasi nyingine. Nimeiandika kwa mkono wangu, kwa Kiswahili, haina muhuri juu yake. Inasema: Mimi Getrude niliandika uongo mwezi wa Julai. Baba wa mjukuu wangu ni Adrian. Adrian ni Mroma. Mjukuu wangu ni Mroma na ni Mnyakyusa. Nakala nimemtumia wakili wenu kwa anwani ya chama chake cha haki za Waroma. Kama wanataka nije niseme kwa mdomo, nitaomba viza.

Na Dainess nimempigia. Alipokea, akasikia ni mimi, akasema ana mgonjwa, akakata. Nitampigia tena.

Mama yako


Guangzhou, 12 Januari 2025

Mkwe wangu Adrian,

Hii ni barua yako. Kwa kawaida mama mkwe hamwandikii mkwe wake wa kiume, anapitia kwa binti, lakini binti hajajibu toka Oktoba na simlaumu. Atalazimika kukusomea, kwa kuwa sijui lugha yako yoyote kati ya zile mbili. Kissa, msomee yote, usiruke.

Huku ni baridi. Mimi naumwa kifua kidogo, si cha kuogopesha.

Wakili wenu amenijibu. Anasema karatasi yangu ya pili imepokelewa na kuwekwa kwenye jalada, itaangaliwa Septemba, mtoto atakapopimwa tena. Kabla ya hapo hawafungui. Viza niliomba, wameninyima, wanasema sina sababu ya kutosha ya safari. Kwa hiyo nimekupotezea mtoto mwaka mzima na siwezi hata kuja kukaa naye jioni moja. Sina cha kujitetea. Nilikufuta kwenye karatasi ili mtoto apite, na hakupita, na wewe ulikuwa umekaa pale unasikiliza.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nina ombi jingine. Nimekaa hapa kuandika salamu, kama ninavyoanza barua zote, nitaje mtu mmoja mmoja wa huko. Nikamtaja Kissa, nikamtaja mtoto, nikakutaja wewe. Nikataka kumtaja mama yako, kalamu ikasimama. Ndoa yenu ina miaka saba. Amemlea mjukuu aliyebeba jina langu, amemfundisha lugha yake, anachota maji mbali. Na mimi sijawahi kuuliza anaitwa nani.

Hapa nimeacha nafasi kwenye mstari. Mwambie Kissa ajaze, kisha umpelekee barua hii ng'ambo ya mto:

Salamu nyingi kwa mama ____________________ .

Getrude